Pinotage na Joto: Mvinyo wa Stellenbosch Unapofika Mombasa

Ukiwauliza watu wawili wa Mombasa wanaokunywa mvinyo mwekundu wanaionaje Pinotage, mvinyo wa zabibu za Afrika Kusini, usishangae wakikujibu kama vile wanazungumzia vitu viwili tofauti. Mmoja atakwambia inanuka ndizi iliyoiva ikapitiliza, au rangi ya kucha, na kwamba inachoma koo. Mwenzake atasema inanukia zambarau, forosadi na kahawa, na hajaona kinywaji kinachokwenda na mishkaki kuishinda hiyo.

Wote wawili wanasema kweli. Ugomvi wao wala si wa Mombasa; umeuandama mzabibu huu kwa miongo mingi, hata huko kwao Afrika Kusini. Ukiufuatilia hadi chanzo chake, kila mara utakuta umefika kwenye jambo moja: joto. Joto la shamba, joto la tangi zabibu zinapochacha, joto la moto unaobabua mbao za pipa, joto la duka, joto la glasi. Na katika mji ambao Februari feni haizimwi hata usiku wa manane, jambo hilo si dogo.

Kabla ya kuendelea niseme hivi: Mombasa ni mji wenye watu wengi ambao pombe haipiti mlangoni mwao, na mila hiyo ina heshima yake. Usimpelekee mwenyeji wako wa Kibokoni chupa ya mvinyo eti ni zawadi, na usiitoe mfukoni kwenye mkahawa wa biriani usiouza pombe. Haya ninayoandika ni kwa mtu mzima anayekunywa, anayenunua chakula akakibeba nyumbani, au anayekipika mwenyewe.

Mbegu nne na bustani iliyosahaulika

Pinotage ilizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925. Abraham Izak Perold, profesa wa kilimo cha mizabibu katika Chuo Kikuu cha Stellenbosch, alichukua chavua ya mzabibu mmoja akaitia kwenye ua la mwingine, katika shamba la chuo la Welgevallen. Mzazi mmoja alikuwa Pinot Noir, mzabibu wa Burgundy huko Ufaransa, eneo la baridi. Hutoa mvinyo mwepesi wenye harufu nzuri sana, lakini mti wenyewe una madeko: huugua upesi na haulipendi jua kali. Mzazi wa pili alikuwa Cinsaut, wa kusini mwa Ufaransa, unaovumilia joto na ukame na kuzaa sana. Wakulima wa Rasi, yaani eneo la Cape Town, wakati huo waliuita Hermitage, ndiyo maana mtoto akaitwa Pinotage.

Zilipatikana mbegu nne tu. Perold alizipanda kwenye bustani ya nyumba aliyokuwa akikaa, kisha akahama chuoni kwenda kufanya kazi KWV, ushirika mkubwa wa wakulima wa mvinyo uliokuwa Paarl. Bustani ikamea magugu. Husimuliwa kwamba siku vibarua walipotumwa kuifyeka, mhadhiri kijana aitwaye Charlie Niehaus alikuwa akipita na baiskeli. Yeye alijua kilichokuwa kimepandwa pale, akaiwahi miche kabla haijang'olewa. Ilipelekwa Elsenburg, chuo cha kilimo kilicho jirani, na huko C. J. Theron akaipandikiza kwenye mashina ya mizabibu mingine. Kupandikiza huko hakukuwa urembo. Filoksera, mdudu mdogo anayekula mizizi ya mizabibu, alikuwa ameingia Rasi mwaka 1886 na kuangamiza mashamba, na tangu hapo mzabibu ulihitaji kukalia shina linaloweza kumstahimili.

Mvinyo wa kwanza wa Pinotage ulitengenezwa Elsenburg mwaka 1941, na mwaka huohuo Perold alifariki. Umma ulikuja kuijua baadaye sana: mwaka 1959 Pinotage ya shamba la Bellevue ilishinda maonyesho ya mvinyo mchanga ya Rasi, na mwaka 1961 ikauzwa chini ya nembo ya Lanzerac, chupa ya kwanza kuandikwa neno Pinotage. Halafu sifa ikaanza kuharibika. Wataalamu wa mvinyo kutoka Uingereza waliozuru mwaka 1976 waliiponda vibaya, na wakulima wengi wakaanza kuing'oa. Iliyobaki ikaja kuokolewa na watu wachache wakaidi, mmoja wao Beyers Truter wa shamba la Kanonkop, ambaye mwaka 1991 alitajwa jijini London kuwa mtengenezaji bora wa mvinyo wa mwaka katika shindano la kimataifa, kwa Pinotage. Hata leo mzabibu huu haujafika sehemu moja ya kumi ya mashamba yote ya mizabibu ya nchi hiyo.

Mahali penyewe

Stellenbosch uko kilomita kama 50 mashariki ya Cape Town. Simon van der Stel aliuanzisha mji huo mwaka 1679, miaka 20 baada ya Jan van Riebeeck kuandika kwenye shajara yake, tarehe 2 Februari 1659, kwamba zabibu za Rasi zimekamuliwa kwa mara ya kwanza. Umekaa kwenye latitudo ya 34 kusini. Mombasa tuko kwenye 4. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini hakuna shamba la mizabibu Likoni wala Mtwapa. Mzabibu hupenda kulala. Kule Rasi baridi ikiingia Mei na Juni, majani hupukutika, mvua hunyesha, na mti hupumzika hadi Septemba. Kwetu haulali, huendelea kuchipua ovyo, na unyevu wa pwani huulisha ukungu majani na matunda. Dodoma, ambako pia ni tropiki, wamelizunguka tatizo hili kwa sababu kuna ukavu na mwinuko wa zaidi ya mita 1,000: wakulima huulaza mzabibu kwa mkasi, wakiupogoa, na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Pwani yetu haina mbinu kama hiyo.

Hata hivyo, Stellenbosch si mahali pa baridi. Februari, msimu wa kuvuna, jua la mchana huchoma sawasawa. Kinachopaokoa ni milima, Simonsberg na Helderberg, yenye miteremko inayokupa nafasi ya kuchagua jua la asubuhi au la jioni, na upepo. Upepo huo hutoka kusini-mashariki, upande uleule unakotoka kusi wetu, lakini wao huupata kiangazi, na hupita juu ya maji ya ghuba ya False Bay kabla ya kupanda mashambani. Huitwa Cape Doctor, daktari wa Rasi, kwa kuwa watu waliamini unasafisha hewa ya mji. Kwa mzabibu kweli ni daktari: hupoza vichala na kukausha unyevu kabla ukungu haujaanza.

Udongo nao una kazi yake. Chini ya milima kuna udongo uliotokana na mawe ya matale yaliyooza kwa maelfu ya karne, na huo hushika maji ya mvua ya baridi kiasi cha kuufikisha mti kiangazi. Ndiyo sababu mizabibu mingi ya zamani ya Pinotage imeachwa isimame kama vichaka, bila nyaya wala nguzo, ikizaa kidogo. Na kuzaa kidogo ni jambo jema hapa. Pinotage huiva mapema na hujaa sukari haraka. Mti ukibebeshwa mzigo mkubwa juani, sukari hutangulia na ladha ya tunda lenyewe hubaki nyuma.

Ndizi inatoka wapi?

Kila mtu wa Pwani aliyeona mnazi anajua kuchacha ni nini. Mgema huteremsha tembo asubuhi, na kufika mchana povu limeshapanda, bila mtu kutia chochote. Chachu ya porini na joto vimefanya kazi. Mvinyo huanza vilevile: chachu hula sukari, hutoa pombe na gesi. Lakini chachu ikifanya kazi hutoa joto pia, na hutoa kemikali za harufu. Mojawapo ni asetati ya isoamili, ileile inayoipa ndizi mbivu harufu yake. Pinotage ina tabia ya kuizalisha kwa wingi kuliko mizabibu mingi. Sukari ikiwa nyingi na mtengenezaji asipoangalia joto la tangi, inachacha kwa kasi, ndizi inajitokeza, na nyuma yake inafuata ile harufu kali ya rangi ya kucha.

Jambo la pili ni ukakasi. Maganda ya Pinotage hutoa rangi na tanini upesi mno. Tanini ndiyo inayoukausha ulimi na kuyabana mashavu kwa ndani, kama ukitafuna bibo ambalo halijaiva sawasawa. Kwa mizabibu mingine maganda huachwa kwenye maji ya zabibu kwa majuma. Pinotage hutosheka na siku chache, na ukipitiliza inakuwa chungu. Kanonkop wanaendelea kuchachisha kwenye matangi ya saruji yaliyo wazi juu, wafanyakazi wakiyasukuma maganda chini kwa mikono kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ili joto lisijikusanye mahali pamoja na rangi itoke bila uchungu. Kazi hiyo ni ghali. Chupa ya bei ya chini haiwezi kuilipia, na hapo unaanza kuelewa kwa nini wale watu wetu wawili hawakubaliani: hawakunywa kitu kimoja.

Na kahawa? Hiyo haitoki shambani hata kidogo, ingawa wauzaji wengine hupenda tuamini hivyo. Mbao za mwaloni hubabuliwa kwa moto kabla ya kutumika, na zikibabuliwa sana huupa mvinyo harufu ya kahawa na chokoleti. Shamba la Diemersfontein la Wellington lilitoa Pinotage ya mtindo huo mwaka 2001, chini ya mtengenezaji Bertus Fourie, ikapendwa na kuigwa. Mimi si shabiki. Glasi ya kwanza inafurahisha, ya pili inachosha, na chakula chenye viungo vyetu hupotea chini yake. Lakini kwa anayeanza mvinyo mwekundu akikimbia ukakasi, ni mlango rahisi wa kuingilia.

Kwa hiyo dukani soma chupa. Afrika Kusini ina mfumo wa kuthibitisha asili ya mvinyo tangu mwaka 1973. Ukiandikwa kwamba ni wa Stellenbosch, zabibu zote lazima ziwe zimetoka huko. Ukiandikwa aina moja ya zabibu, angalau asilimia 85 ni hiyo. Ukiandikwa tu Western Cape, zabibu zimekusanywa kutoka eneo kubwa zaidi, na mara nyingi ndiyo chupa ya bei nafuu. Haimaanishi ni mbaya. Inamaanisha huwezi kuidai tabia ya Stellenbosch.

Joto la chumba ni la chumba cha nani?

Hapa ndipo mvinyo mwekundu unapoonewa zaidi Mombasa. Ushauri wa kuunywa ukiwa na joto la chumba ulitungwa katika nyumba za mawe za Ulaya kabla ya mitambo ya kupasha moto, ambako sebule ilikuwa na nyuzi 16 hadi 18 za selsiasi. Sebule ya Nyali au Bamburi jioni ya kaskazi inakaribia 30. Pinotage yenye pombe asilimia 14 ukiimimina kwa joto hilo, pombe hupaa kwanza, ikakuingia puani kabla ya tunda lolote. Watu husema "inachoma," nao wanachokilaumu ni zabibu.

Itie kwenye friji dakika 30 hadi 45 kabla ya kula, ile nyepesi isiyopitia pipa hata zaidi. Ikitoka hapo na nyuzi 14 hivi, glasini itapanda yenyewe. Mezani kwetu haihitaji kusaidiwa. Lakini usiigandishe kama soda. Baridi kali huficha harufu na kuzidisha ukakasi, ukabaki na kitu kichungu kisichonukia. Barafu ndani ya glasi sitaki kuisemea sana. Ni mvinyo wako.

Joto la dukani ni baya kuliko la glasi kwa kuwa halirudi nyuma. Chupa iliyosimama dirishani juani kwa miezi, au iliyoshinda kwenye buti ya gari lililoegeshwa kivukoni, hupikika: tunda linageuka kuwa kama jamu iliyoungua, na rangi huelekea kahawia. Tazama kizibo, kikiwa kimejisukuma juu, au kuna alama ya mvinyo uliochuruzika shingoni, iache. Vifuniko vya kuzungusha havikwambii chochote kuhusu joto, kwa hiyo hapo angalia duka lenyewe: kama muuzaji anajipepea kwa gazeti, chupa zake nazo zimeteseka. Na usihifadhi Pinotage ya bei ya kawaida ukingoja iwe bora. Kwa hali ya hewa yetu, nunua ya wiki hii, unywe wiki hii.

Mkaa, nazi, ukwaju

Kule kwao Pinotage huliwa na nyama ya kuchoma kwenye makaa, soseji za boerewors, na bobotie, nyama ya kusaga yenye bizari ambayo ni ya jamii ya Wamalay wa Rasi, wengi wao Waislamu waliorithi mapishi ya Bahari ya Hindi. Kwa hiyo haikuhitaji kusafiri mbali kifikra ili kufika kwetu.

Mishkaki ya ng'ombe ndiyo jibu la kwanza, na sababu yake inaeleweka. Tanini hupenda kujishika kwenye protini. Ikikuta nyama mdomoni inajishika huko badala ya kwenye ulimi wako, na ukakasi unapungua. Chumvi nayo husaidia kuulainisha. Ile kingo nyeusi ya nyama iliyobabuliwa na mkaa inakutana na moshi wa pipa. Kinachohitaji uangalifu ni ukwaju. Chakula kikiwa na uchachu kuliko mvinyo, mvinyo huonekana umepooza, kama uliotiwa maji. Ukwaju uliorowekewa nyama hauna neno. Ule wa kuchovya, ukiuogelesha mshikaki, utaiua Pinotage. Vivyo hivyo kachumbari yenye ndimu nyingi.

Mbuzi wa kuchoma anaiweza Pinotage nzito ya pipa, na mafuta yake ndiyo yanayotaka ukakasi huo.

Pilau inastahili sifa kuliko inavyopewa. Watu hudhani chakula chenye viungo hakipatani na mvinyo mwekundu, wakichanganya viungo na pilipili. Pilau ya Mombasa ina bizari nzima, iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga, na hakuna hata kimoja hapo kinachogombana na Pinotage. Karafuu na mdalasini ni harufu ambazo pipa lenyewe hutoa. Pilau ya nyama, kachumbari kando kwa kiasi, na Pinotage isiyo na moshi mwingi: sijui mlo wa Jumapili unaoupita huo. Biriani ina masharti zaidi. Masala yake, yenye vitunguu vya kukaanga, nyanya na mtindi, ina utamu na uchachu pamoja, kwa hiyo chagua mvinyo wenye tunda lililoiva. Na mwambie mpishi apunguze pilipili.

Pilipili mbichi haina suluhu kwenye mvinyo huu. Pombe huzidisha ule mwako, tanini huukwaruza ulimi ulioungua tayari, na chupa ya asilimia 14 juu ya muhogo wenye pilipili ni kujitafutia adhabu. Hapo kunywa maji ya madafu.

Nazi ni suala la kupendeza zaidi. Kuku wa kupaka amepitia makaa kwanza, kisha akapakwa tui zito lenye bizari na ndimu. Mafuta ya tui huufunika ulimi, na mvinyo wenye ukakasi kidogo huusafisha. Lakini Pinotage nzito humkandamiza kuku. Tafuta ile changa, nyekundu iliyo wazi, isiyoona pipa, iliyopozwa vizuri. Mara nyingi ndiyo ya bei rahisi, na hapa inaishinda ghali bila shida.

Samaki wa kupaka ni habari nyingine, hata kama tui ni lilelile. Mvinyo mwekundu una chembe za madini ya chuma, na watafiti wa Japani walionyesha kwamba chuma hicho kikikutana na mafuta ya samaki huzaa ile ladha ya shombo inayobaki mdomoni. Kwa changu au nguru wa kupaka, iache Pinotage nyekundu ndani ya friji ufungue Chenin Blanc, mweupe wa Rasi hiyohiyo. Ukishikilia lazima iwe Pinotage, kuna inayotengenezwa ya rangi ya waridi, ambayo maganda yake hutolewa mapema, na hiyo na jodari wa kuchoma wanaelewana.

Jamii ya Wagoa ya Mombasa, ambayo haina kizuizi na mvinyo wala nguruwe, imetuachia mtihani mgumu kuliko yote: vindaloo, mchuzi wao mkali wa nyama. Siki na pilipili kwa pamoja, maadui wawili katika sufuria moja. Nimekula ile iliyolala usiku mmoja, siki ikiwa imetulia na mafuta yamepanda juu, na hapo Pinotage ya kawaida iliyopozwa ilijitahidi. Ikiwa ya siku ileile, bia.

Kwenye mahamri na mbaazi, halua na kaimati usiiweke mezani kabisa. Sukari ya chakula huufanya mvinyo mkavu uwe mchungu. Chupa ikibaki nusu, irudishie kifuniko uiweke kwenye friji, si kabatini. Siku ya pili na ya tatu bado inanyweka, na baada ya hapo itie kwenye sufuria ya nyama ya ng'ombe ya kuchemsha taratibu, mapema, kabla ya nyanya.